Kati ya Kibali na Uraia: Ukaazi wa Familia za Wataalamu Wageni Dodoma na Nyanda za Juu za Kati, 1961–2018

1.0 Utangulizi

Katika nchi nyingi, mtaalamu mgeni aliyefanya kazi miaka kadhaa huweza kufika yeye mwenyewe katika ofisi ya uhamiaji, pamoja na mwenzi na watoto wake, na kuomba ukaazi wa kudumu. Nchini Tanzania ombi la namna hiyo halina fomu yake. Sheria inatambua hali kuu mbili: mgeni mwenye kibali cha muda, na raia. Insha hii inachunguza jinsi pengo hilo lilivyojitokeza na athari zake kwa familia za wataalamu waliofanya kazi Dodoma na nyanda za juu za kati. Hoja kuu ni kwamba pengo hili lilitokana na uamuzi wa kisiasa wa miaka ya mwanzo ya uhuru, uliofanya uraia kuwa mlango pekee wa kudumu.

2.0 Reli, Uhuru na Mlango wa Miaka Miwili

Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, na mji ukakua kuizunguka stesheni. Pamoja na Wagogo wenyeji na watu waliotoka sehemu nyingine za nchi, walikuja mafundi, makarani na wafanyabiashara wenye asili ya Bara Hindi. Wakati wa utawala wa Uingereza wengi wao walikuwa raia wa dola ya Uingereza au watu waliokuwa chini ya ulinzi wake, hivyo suala la uraia halikuwasumbua sana katika maisha ya kila siku.

Uhuru ulibadili hali hiyo. Mswada wa uraia ulipojadiliwa bungeni Oktoba 1961, baadhi ya wabunge, akiwemo kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa reli, Christopher Kasanga Tumbo, waliupinga utaratibu wa kuwapa uraia watu wasiokuwa Waafrika. Julius Nyerere alikataa katakata uraia wa rangi na akawa tayari kujiuzulu kwa ajili ya msimamo huo. Msimamo wake ulishinda. Aliyezaliwa Tanganyika na mzazi mmoja aliyezaliwa Tanganyika akawa raia moja kwa moja tarehe 9 Desemba 1961, mradi alikuwa na hadhi ya Uingereza iliyotajwa hapo juu. Aliyezaliwa nchini na wazazi waliotoka nje alipewa miaka miwili, hadi Desemba 1963, kujiandikisha.

Kwa mantiki hiyo, uraia haukufungwa kwa rangi, bali ulifungwa kwa tarehe. Familia moja iliweza kugawanyika: mtoto akawa raia kwa kuzaliwa, baba akahitaji kujiandikisha, na babu aliyezaliwa Gujarat akafuata njia ya tajnisi. Aliyesitasita hakupewa hadhi ya kati ya mkaazi wa kudumu. Alibaki mgeni anayehitaji kibali katika mji alimozaliwa.

3.0 Mji Mkuu Mpya na Wataalamu wa Mkataba

Mwaka 1973 iliamuliwa kwamba makao makuu ya serikali yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa. Mpango mkuu wa mji, uliokamilika mwaka 1976, uliandaliwa na kampuni ya Kanada. Wataalamu wa aina hii hawakufanana na mafundi wa reli. Walikuja kwa mkataba na walitarajiwa kuondoka mkataba ulipokwisha. Kando yao walikuwepo madaktari na wauguzi wa misheni, kama wale wa Mvumi, ambao baadhi yao walikaa miaka mingi zaidi.

Sheria ya Uhamiaji ya mwaka 1995, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1972, iliwapanga wageni katika madaraja matatu: A kwa wawekezaji na waliojiajiri, B kwa walioajiriwa, na C kwa wengine, wakiwemo wamisionari, watafiti na wanafunzi. Chini ya sheria hiyo ilivyopitishwa, kibali cha Daraja B kilitolewa kwa muda usiozidi miaka 3, na jumla yake pamoja na nyongeza haikuzidi miaka 5. Kibali hicho hufungamana na mwajiri. Ajira ikikoma, msingi wa ukaazi wa mwenzi na watoto, wanaoishi kwa hati ya mtegemezi, nao hutikisika.

4.0 Hesabu Isiyokutana

Sheria ya Uraia ya mwaka huohuo wa 1995 humtaka mwombaji wa tajnisi awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya ombi, na jumla ya angalau miaka 7 katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo. Aidha, ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na tabia njema na auache uraia wake wa awali. Waziri halazimiki kueleza sababu za kukataa, na sheria hairuhusu rufaa mahakamani.

Sheria hizi mbili zikisomwa pamoja, tatizo linadhihirika: kibali cha kawaida cha mwajiriwa kiliwekewa kikomo cha miaka 5, ilhali uraia ulidai zaidi ya 7. Mhadhiri mgeni aliyeajiriwa Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hakuweza kulifikia sharti la uraia kwa kibali hicho pekee, bila mamlaka kutumia hiari yake au yeye kubadili daraja. Sheria ya ajira za wageni ya mwaka 2015 iliongeza hatua nyingine kwa kutenganisha kibali cha kazi na kibali cha ukaazi, na kumtaka mwajiri aandae mpango wa kumrithisha Mtanzania ujuzi.

Sharti hilo la mwisho lina haki yake. Nchi iliyopata uhuru ikiwa na wasomi wachache ilikuwa na sababu ya kulinda ajira za wananchi wake. Hata hivyo, Kenya ina hofu hiyohiyo, na bado sheria yake ya mwaka 2011 inatoa ukaazi wa kudumu kwa aliyekuwa na kibali cha kazi kwa angalau miaka 7 na kuishi nchini mfululizo miaka 3 kabla ya kuomba.

Wala Tanzania si nchi isiyojua kupokea watu. Mwaka 2014 ilithibitisha uraia wa takribani watu 162,000, wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 na watoto wao, waliokaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Lakini hata hapo suluhisho lilikuwa uraia kamili, si ukaazi wa kudumu.

5.0 Hitimisho

Hadi serikali ilipohamia Dodoma kwa vitendo kuanzia mwaka 2016, makao makuu ya Uhamiaji yalikuwa Dar es Salaam, takribani kilomita 450 kutoka mji ulioitwa makao makuu tangu 1973. Mwaka 2018 sheria iliitangaza rasmi Dodoma kuwa makao makuu ya nchi, na umbali huo ukafutika. Umbali wa kisheria ulibaki. Busara ya mwaka 1961 ilikuwa kukataa kumpima mtu kwa rangi yake na kumwuliza uhusiano wake na nchi. Mtaalamu aliyewafundisha wengine kazi na kulea watoto Dodoma anao uhusiano huo, lakini sheria haijampa jina lililo kati ya mgeni na raia.