Mtendeli: kambi ya miaka sita, mikataba ya mwaka mmoja mmoja



Kaka yangu ana sanduku la bati, lile la kwenda nalo bweni. Liko uvunguni mwa kitanda chake, Kasulu. Ndani hakuna nguo. Kuna nakala za hati za malipo, risiti za mafuta, orodha za mahudhurio ya semina na barua za ajira. Barua za ajira ziko sita, zote za asasi ileile na cheo kilekile: mhasibu msaidizi wa mradi. Kila moja inaanza Januari na kuisha Desemba. Mradi wenyewe ulikuwa ndani ya kambi ya wakimbizi ya Mtendeli, wilayani Kakonko.

Kambi hiyo ilifunguliwa Januari 2016 ikafungwa Desemba 2021. Miaka sita, barua sita. Nilimuuliza kwa nini anatunza makaratasi ya asasi ambayo siku hizi haina hata ofisi. Akanijibu, "Mdogo wangu, mkaguzi anaweza kuja hata baada ya miaka mitano. Pesa zimekwisha, maswali hayajaisha."

Nilicheka, halafu nikakaa kufikiri. Historia ya wakimbizi wa Kigoma tumezoea kuisimulia kwa vita na kwa idadi ya watu waliovuka mpaka. Leo nataka niisimulie kwa kufuata pesa: nani alipewa, kwa mkataba gani, wa muda gani. Maana kuna swali linanisumbua. Inakuwaje ukanda uliopokea misaada kwa miongo mingi hivi uwe na asasi za wenyeji zinazokufa mara tu kambi inapofungwa?

Turudi nyuma kidogo, hadi mwaka 1964. Mwaka huo Shirikisho la Kilutheri Duniani lilianzisha TCRS, kwa kirefu Tanganyika Christian Refugee Service. Ukawekwa utaratibu wa pande tatu. Serikali inatoa ardhi na usimamizi, UNHCR inatafuta pesa, TCRS inafanya kazi. Wa kwanza kunufaika walikuwa wakimbizi wa Kinyarwanda waliotolewa Kongo na kupelekwa nyanda za juu za Mwesi. Ilipofika 1972, utawala wa Micombero ukaua watu wengi sana Burundi, na waliokimbilia kwetu wakapelekwa Ulyankulu na Katumba, na baadaye Mishamo.

Sisemi kwamba mambo yalikuwa mazuri. TCRS yenyewe ilianza kama shirika la wageni. Wakimbizi walipangiwa pa kuishi bila kuulizwa, na Mishamo ilianzishwa kwa sehemu kwa sababu maji na ardhi ya Ulyankulu havikutosha. Lakini angalieni mpango ulivyokuwa. Ulihesabiwa kwa miaka. Watu walipewa mashamba, wakalima mahindi na tumbaku, shule na zahanati zikajengwa. Kisha ikaja siku ya makabidhiano: Ulyankulu na Katumba mwaka 1980, Mishamo 1985. Aliyetoa pesa alijua tangu mwanzo kwamba ipo siku ataondoka, na alijua anamwachia nani.

Miaka ya 1990 ikavuruga kila kitu. Rais Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993, na mamia ya maelfu ya watu wakavuka. Miezi michache baadaye yakatokea mauaji ya kimbari Rwanda na Ngara ikafurika. Machi 1995 serikali yetu ikafunga mpaka wake na Burundi. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikakazia kwamba mkimbizi mahali pake ni kambini. Kibondo ikawa na Kanembwa, Nduta, Mkugwa, Karago na Mtendeli ya kwanza. Kasulu ikawa na Mtabila, na Nyarugusu iliyofunguliwa 1996 kwa ajili ya Wakongo.

Hapo ndipo pesa nayo ilipobadilika tabia. Ukiwa na makazi ya kilimo unaweza kupanga miaka kumi. Kambi inahesabiwa kuwa dharura, na pesa ya dharura ni ya mwaka mmoja. Mkataba unakwisha Desemba, andiko jipya linapelekwa kana kwamba wakimbizi wamefika jana. Dharura ya Kigoma ikaendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, hadi watoto waliozaliwa kambini wakazaa wenyewe.

Amani ilipoanza kurudi Burundi, baada ya Mkataba wa Arusha wa 2000, watu wakarudishwa kwao na kambi zikafungwa moja baada ya nyingine. Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Leo ukitaja Mtabila au Kanembwa, kijana wa Kitanzania anafikiria kambi ya JKT. Serikali ilijua la kufanya na majengo. Lakini wale wahasibu, wauguzi na mafundi wa pampu wa Kibondo na Kasulu, waliokuwa wamejifunza kazi kwa miaka kumi na zaidi, hakuna aliyekuwa na mpango nao. Wengine walihamia mikoa mingine, wengine walifungua maduka.

Kisha ikaja 2015. Nkurunziza alitaka muhula wa tatu, Bujumbura ikawaka, na watu wakamiminika katika kijiji kidogo cha Kagunga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikazuka. Meli yetu ya Liemba ikawa inawabeba hadi Kigoma mjini, na kutoka hapo mabasi yakawapeleka Nyarugusu. Nyarugusu ikazidiwa, ikapita watu 150,000. Ndipo Nduta ikafunguliwa upya Oktoba 2015, na Mtendeli Januari 2016. Wengi wa waliofika walikuwa wameshawahi kuishi kambi hizo hizo. Walizijua njia. Kilichokosekana ni wenyeji wenye uzoefu, ambao tulikuwa tumewaacha watawanyike. Tukaanza kuajiri na kufundisha upya.

Sasa niwaeleze jinsi mambo yalivyokwenda kwa kaka. Mfadhili yuko nje ya nchi. Anatoa pesa kwa shirika la Umoja wa Mataifa, nalo linaingia mkataba na shirika la kimataifa, nalo linatoa fungu dogo kwa asasi ya Kigoma. Pesa inafika mkono wa nne. Kila mkono una haki ya kukata gharama za uendeshaji, isipokuwa ule wa mwisho, unaoambiwa kila shilingi iende kwa mlengwa. Na hilo halikuwa la bahati mbaya. Kwa miaka mingi UNHCR iliyalipa mashirika ya kimataifa asilimia 7 kwa gharama za makao makuu yao, na mashirika ya kitaifa hayakuwa na fungu kama hilo. Ni mwaka 2019 ndipo yalipoanza kupewa asilimia 4.

Mtaniuliza, asilimia chache zina maana gani? Zina maana Januari. Mkataba umekwisha Desemba 31, mpya unasainiwa Februari, mwaka mwingine Machi. Katikati hapo wakimbizi hawaendi likizo, na vyoo vinaendelea kujaa. Shirika kubwa lina akiba, linasubiri. Asasi ya kaka ilikuwa na mwenye duka la vifaa vya ofisi aliyewakopesha karatasi, na mwenye kituo cha mafuta aliyewaandika kwenye daftari. Januari moja mwenye kituo alikataa. Wahamasishaji wa usafi, ambao ni wakimbizi wanaolipwa posho na si mshahara, walikaa miezi miwili bila kitu. Kaka ndiye aliyetumwa kuwaeleza. Kiha chetu na Kirundi chao vinasikilizana, kwa hiyo hakuwa na mkalimani wa kujificha nyuma yake. Alisema ukweli, wakamsikiliza, na kesho yake wakaja kazini. Mpaka leo akisimulia hilo anaangalia pembeni.

Wakubwa walilijua tatizo hili. Mei 2016, miezi michache tu baada ya Mtendeli kufunguliwa, wafadhili na mashirika walikutana Istanbul na kuahidi kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya pesa za misaada ya kibinadamu ziende kwa asasi za wenyeji, kwa njia ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Muda ulipofika, zilizotoka moja kwa moja hazikufika hata asilimia 5.

Na tusiwalaumu wazungu peke yao. Serikali yetu ilisimamisha mgao wa fedha taslimu pale Nyarugusu Agosti 2017. Mwanzoni mwa 2018 ikajitoa katika mpango mpya wa kimataifa wa kuwahudumia wakimbizi, ikitaja usalama na uhaba wa fedha. Hoja ya kwamba Tanzania isikope ili ihudumie wakimbizi ina uzito. Lakini maamuzi yote hayo yalifanyika Dar es Salaam na Dodoma. Asasi za Kakonko ziliyasikia redioni kama wewe na mimi.

Mfano mzuri pia upo. Mwaka 2017 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalianzisha Programu ya Pamoja ya Kigoma, ya miaka kadhaa, wakifanya kazi na halmashauri na kuwahesabu wenyeji pamoja na wakimbizi. Kwa hiyo hakuna sheria ya maumbile inayosema pesa ya Kigoma lazima iwe ya miezi 12.

Mtendeli ikafungwa Desemba 2021, waliobaki wakahamishiwa Nduta. Kwenye asasi ya kaka magari yalirudishwa, kwa sababu hayakuwa yao, na kompyuta zikaondoka. Kodi ya ofisi haikuwa na fungu, asasi ikafa. Mwaka 2025 Marekani ilipositisha misaada na kuifunga USAID, watu wengi waliona ni jambo jipya kabisa. Kakonko walikuwa wamelizoea, linakuja kila Januari.

Ninachodai ni mambo matatu. Mkataba na asasi ya mwenyeji uwe wa miaka mitatu au zaidi. Gharama za ofisi ziwe haki ya kila mkono, hata ule wa mwisho. Na siku kambi inapofunguliwa, iandikwe kabisa nani atakabidhiwa nini itakapofungwa. Kama mwaka 1964 walijua kupanga kuondoka, sisi tunashindwa nini?

Wiki iliyopita kaka alinipigia simu. Yeye na wenzake watatu wanataka kusajili asasi nyingine, na wananiomba niwasaidie kuandika andiko la kwanza. Nimekubali. Nimemwambia tutaanza na ukurasa wa bajeti, na mstari wa kwanza utakuwa kodi ya ofisi.

Huo ni mtazamo wangu. Karibuni tujadiliane, hasa nyinyi mliofanya kazi huko.