Tezi ya Kifuani

Wachinjaji wa Isiolo, mji uliokulia kando ya karantini ya mifugo, huijua nyama ile laini ya kifuani mwa ndama, inyweayo kadiri mnyama apevukavyo; lakini wengi katika mabingwa wa tiba waliidhani haina kazi, hata mwaka 1961 mtafiti Jacques Miller, kwa kuwatoa panya wachanga tezi hiyo huko London, alipobainisha kuwa ndiyo madrasa ya askari wa damu.

Mtoto azaliwaye bila tezi hiyo, yaani thaimasi, asipotibiwa, ni nadra kupita miaka 3. Na chanjo ya kifua kikuu, iliyo rehema kwa wachanga wetu wengine, kwake ni hatari, kwani ina vijidudu hai. Mwaka 1968 matabibu wa Marekani walijaribu kupandikiza tezi za vijusi. Baadaye, tangu 1993, Louise Markert wa Chuo Kikuu cha Duke alitumia vipande vilivyokuwa vikitupwa katika upasuaji wa moyo wa wachanga: hukatwa vyembamba, hulelewa maabarani, kisha hupandwa katika msuli wa paja (naam, pajani, wala si kifuani!). Idhini ya serikali ya Marekani kwa tiba hiyo ilitoka Oktoba 2021. Kinga yenyewe huchipuka polepole, baada ya miezi 6 au zaidi, na muda huo wote mtoto hukaa katika hifadhi.