Nyota ya Kubeti: Bahati, Pete ama Ndoto Inaeza Kuivisha Mkeka Wako?

Kila mtaa iko na ule msee wa "nyota kali". Akiweka mbao, mkeka unaiva. Akishika simu yako kabla uanze Aviator, ati ndege inapaa mpaka mawinguni. Alafu kuna zile karatasi zimebandikwa kwa milingoti ya stima: mganga anarudisha mpenzi, anamaliza kesi na anafungua nyota ya jakpoti. Sasa swali ni, kuna mtu anaeza kusukuma matokeo ya kamari kwa bahati, ndoto ama nguvu za akili? Soma hii kabla utoe Fuliza.

Bahati ni nini?

Bahati iko, lakini si kitu unabeba kwa mfuko. Ni jina tunapea jambo likishatokea.

Chukua watu 1,024, kila mmoja arushe shilingi mara 10. Kwa hesabu, karibu mmoja wao atapata kichwa zote kumi. Huyo mtaa itamwita mwenye nyota. Lakini mwambie arushe mara ya 11, nafasi yake ni nusu kwa nusu kama ya mtu mwingine yeyote. Shilingi haina kumbukumbu.

Hapo ndipo wasee wa Monte Carlo waliumia. Tarehe 18 Agosti 1913, mpira wa ruleti uliangukia nyeusi mara 26 mfululizo. Watu walizidi kumwaga pesa kwa nyekundu wakisema "sasa lazima igeuke". Haikuwa lazima. Kasino ilikula mamilioni ya faranga usiku huo.

Wanasayansi walishajaribu hii kitu

Usidhani wasomi waliipuuza. Mwaka wa 1934, mcheza kamari kijana aliingia ofisi ya J. B. Rhine, Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, akasema anaeza kuamrisha dadu kwa akili. Rhine akaanza kurusha dadu maelfu ya mara. Pia alikuwa na kadi 25 zenye alama tano, ambapo mtu akibahatisha tu hupata kama 5. Alitangaza kwamba kuna watu walipita hapo. Shida ni kwamba maabara zingine zikirudia kwa masharti makali, hiyo nguvu ilikuwa inapotea.

Princeton nao walifungua maabara mwaka wa 1979, watu wakijaribu kusukuma mashine za namba kwa mawazo. Hata wenyewe walidai mabadiliko madogo sana, na maabara zingine zilipojaribu kurudia hazikuyapata. Ilifungwa 2007.

Alafu kulikuwa na James Randi, mcheza kiinimacho. Kuanzia 1996 zawadi yake ilikuwa dola milioni moja kwa yeyote ataonyesha nguvu zisizo za kawaida chini ya masharti waliyokubaliana wote wawili. Ilifungwa 2015. Hakuna aliyeichukua. Kama kuna msee anaota matokeo ya Jumamosi, hiyo ilikuwa doh rahisi kuliko jakpoti.

Nyumba hula aje?

Hapa ndio siri yenyewe, na haina uganga.

Ruleti ya Ulaya iko na nafasi 37, lakini ukipata namba moja unalipwa kama ziko 36. Hiyo tofauti, karibu asilimia 2.7, ni ya kasino. Kama kungekuwa na watu wa kusukuma mpira kwa akili, hiyo asilimia ingeanza kuyumba na kasino zingefunga.

Kwa mpira ni hivyo hivyo. Sema odds ni 2.50 nyumbani, 3.20 sare, 2.80 ugenini. Ukitaka upate soo moja matokeo yakiwa yoyote, lazima uweke 40, 31 na 36 hivi. Jumla ni kama 107. Umelipa 107 kurudishiwa 100. Hiyo saba ndio mshahara wa kampuni.

Sasa panga mkeka wa mechi 10, na kila moja iko na nafasi ya asilimia 60. Inakaa sure, si ndio? Piga hesabu: mikeka kama 6 tu kwa kila 1,000 ndiyo itaiva yote. Na jakpoti ya mechi 17? Kuna njia 129,140,163 za kuijaza. Ndio, kuna Mkenya aliondoka na zaidi ya milioni 221 mwaka wa 2017. Lakini watu wengi wakicheza kila wiki, siku moja itaangukia mtu. Yeye tunamwona kwa TV. Wale wengine hatuwaoni.

Aviator je?

Matokeo ya raundi huamuliwa kabla ndege ipae, kwa namba za siri za mashine zikichanganywa na za wachezaji wa kwanza. Kidole chako hakiirushi wala hakiiangushi. Kinaamua tu utatoka lini. Mchezo unatangazwa kurudisha asilimia 97, kumaanisha kufika x2 ni kama raundi 48 ama 49 kwa 100. Nusu haifiki. Zile programu za "kutabiri Aviator" ni wizi tu. Mwenye kujua ndege itaanguka lini hawezi kukuuzia hiyo siri kwa thao moja.

Mbona bado tunaamini?

Kwanza, tunapenda kushika usukani. Mwaka wa 1975 mwanasaikolojia Ellen Langer aliuzia watu tiketi za dola moja. Waliopewa tu walikubali kuiuza kwa karibu dola 2. Waliojichagulia walitaka zaidi ya dola 8. Tiketi ni zile zile!

Pili, tunakumbuka ndoto iliyotimia na kusahau 40 zilizotuangusha. Tatu, "nimechomwa na timu moja" inakaa kama karibu kushinda. Pesa iliyopotea ni ile ile, hata ungechomwa na timu saba.

Ujanja wa "sure bet"

Hii ishike vizuri. Mkora anatumia watu 2,700 utabiri wa bure. 900 anawaambia nyumbani, 900 sare, 900 ugenini. Matokeo yakitoka, anaachana na waliopewa uongo. Wale 900 anawagawa tena, wanabaki 300, alafu 100. Hao 100 wameona mtu amepatia mara tatu mfululizo. Kwao ni nabii! Akiwaitisha thao mbili kila mmoja, ameomoka na 200,000 bila kujua chochote kuhusu mpira. Ni pata potea ya kwa simu.

Si kuna wenye hushinda?

Wako, lakini kwa hesabu. Edward Thorp, profesa wa hesabu, alionyesha katika kitabu chake cha 1962 kwamba mtu akifuatilia kadi zilizotoka kwa blackjack anaeza kupita kasino. Kasino ziliogopa zikabadilisha sheria. Hazijawahi kubadilisha sheria juu ya pete ya mtu.

Kabla uweke mkeka

- Cheza na pesa ambayo ikienda hutalala njaa. Rent, fee na pesa ya chama si stake.
- Usikope kubeti, na usifukuze hasara. Mechi inayofuata haijui umepoteza ngapi.
- Ukishinda, usiite hiyo nyota. Toa, lipa deni, endelea na maisha.
- Ukiona unaficha simu, unadanganya watu wa nyumbani ama hupati usingizi, piga 1199, laini ya bure ya Red Cross Kenya, uongee na mtu.

Kwa kifupi: bahati inaeza kukupata, lakini huwezi kuiita. Mganga analipwa ukishinda au ukipoteza. Kampuni pia. Mwenye anabeba hasara yote ni wewe.