Pembe Bila Ng'ombe: Safari ya Neno la Kiingereza "Horn"

Makala haya yametokana na aibu. Tulikuwa kwenye semina ya tamthilia, tunajadili Othello, tendo la tatu, onyesho la tatu. Mwalimu akauliza kwa nini Othello anamwambia mkewe kwamba anaumwa paji la uso. Mkono wangu ukawa wa kwanza hewani. Nikajibu kwa kujiamini kabisa: jamaa hajalala, ana mawazo mengi, kichwa lazima kigonge. Mwalimu akatabasamu. "Hilo ndilo jibu la Desdemona," akasema. Darasa likacheka, nami nikacheka nao, ingawa sikuwa nimeelewa kinachochekesha.

Kumbe paji la uso ndipo pembe zinapoota. Katika England ya Shakespeare, mume ambaye mkewe anatoka nje ya ndoa alisemekana kuwa na pembe kichwani, ambazo kila mtu huziona isipokuwa yeye mwenyewe. Othello amekwisha kujazwa sumu na Iago, kwa hiyo anapogusa paji lake hazungumzii homa, anazungumzia fedheha. Desdemona hana hatia, wala wazo hilo halimjii. Anasikia habari ya kichwa kinachouma tu, anasema ni ukosefu wa usingizi, anatoa leso amfunge. Mchezo huu ulionyeshwa mbele ya Mfalme James mwaka 1604, na watazamaji wa siku hiyo walizisikia maana zote mbili kwa mpigo. Mimi nilisikia moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifuatilia neno hili "horn" kama mtu anayemdai. Sekondari tulifundishwa nahau za Kiingereza kwa orodha: kumshika fahali pembe ni kukabili jambo gumu bila woga, kurudisha pembe ndani ni kupunguza makali, kama konokono anavyofanya akiguswa, kufungana pembe ni kugombana, kupuliza pembe yako mwenyewe ni kujisifu, mwenye pembe mbichi ni mgeni wa mambo, kama ndama. Tulizikariri, tukafanya mtihani, tukazisahau. Ninachotaka kusema ni kwamba orodha ile ilituficha jambo moja kubwa. Nyingi ya maana hizi zilianza na kitu ambacho mtu alikishika mkononi. Kitu kikapotea, jina likabaki, na msomaji asiyekijua kile kitu anasoma kama kipofu. Tena hajui kwamba haoni, na hapo ndipo penye hatari.

Tuanzie mbali kidogo. Katika kanisa kuu la Exeter, kusini-magharibi mwa England, kuna kitabu cha mashairi ya Kiingereza cha Kale kilichonakiliwa katika karne ya 10. Aliyekiacha hapo ni Askofu Leofric, aliyefariki mwaka 1072. Ndani yake mna vitendawili zaidi ya 90, na katika kimoja kitu chenyewe ndicho kinachojieleza. Kinasema zamani kilikuwa shujaa mwenye silaha, na sasa kijana amekipamba kwa dhahabu na fedha. Mara wanaume wanakibusu, mara kinawaita vitani. Farasi anakibeba, jahazi linakivusha. Binti anakijaza kifua, au kinaning'inia ukutani watu wakinywa, na wezi wakiingia sauti yake inawatimua. Kitabu hakitoi majibu, lakini wataalamu wamekubaliana: jibu ni pembe. Mtoto wa kwetu aliyezoea kutega na kutegua angelipata bila taabu.

Angalieni kitendawili hiki kinavyofanya kazi. Silaha ni pembe ikiwa bado kichwani mwa fahali. Kubusiwa ni pembe ya kunywea. Kuita ni pembe ya kupuliza. Kamusi ya leo ingeziandika maana hizo moja, mbili, tatu, lakini mtunzi yule aliziona kama maisha ya kitu kimoja. Wala hakuwa anabuni. Mwaka 1939 yalipochimbuliwa makaburi ya Sutton Hoo, mashariki mwa England, katika kaburi la meli la karne ya 7 zilipatikana pembe mbili kubwa za kunywea, za ng'ombe mwitu ambaye leo hayupo tena duniani, zimevishwa fedha.

Kwa upande wa isimu nitapita haraka, wenzetu wa idara ya jirani wanalijua hili kuliko mimi. Mwaka 1822 Jacob Grimm alionyesha kwamba mahali Kilatini kina sauti ya k mwanzoni mwa neno, lugha za Kijerumani, Kiingereza kikiwamo, mara nyingi zina h. Kwa hiyo "horn" na "cornu" ya Kilatini ni ndugu wa tumbo moja. Waingereza walikuwa na pembe yao ya nyumbani, halafu Kifaransa kikawaletea ya Kilatini kwa mlango wa nyuma: "corner", yaani pembe ya nyumba au ya barabara, na "cornet", chombo cha kupuliza. Madaktari nao wakachukua "cornea", utando wa mbele wa jicho, ulio mgumu kama pembe iliyochongwa ikawa nyembamba. Kigiriki kikaongeza yake katika jina la kifaru, mnyama mwenye pembe puani.

Lakini pembe inayonisumbua zaidi ni ile ya wino. Kabla ya chupa, mwandishi alibeba wino wake katika pembe ndogo iliyofungwa kiunoni. Karne ya 16 wasomi wa Uingereza walianza kumwaga maneno ya Kilatini na Kigiriki katika lugha yao, na wapinzani wakayabatiza jina: maneno ya pembe ya wino. Thomas Wilson, katika kitabu chake cha balagha cha mwaka 1553, aliwakejeli vikali wanaoandika hivyo. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili lazima atabasamu. Nani kati yetu hajawahi kubishana kantini kama tuseme kompyuta, ngamizi au tarakilishi? Ugomvi ni ule ule, tofauti ni kwamba pembe za wino tumeziacha. Ajabu ni kwamba maneno mengi waliyoyacheka akina Wilson leo ni Kiingereza cha kawaida kabisa.

Pembe hiyohiyo iliwahi kuua mtu jukwaani. Katika sehemu ya pili ya Henry VI, Shakespeare anaonyesha uasi wa Jack Cade wa mwaka 1450. Waasi wanamkamata karani, na kosa lake ni kwamba anajua kuandika jina lake. Cade anaamuru anyongwe, kalamu na pembe ya wino vikiwa vimening'inizwa shingoni. Tukisoma haraka tunaona kifaa cha ofisi tu. Lakini kwa mkulima asiyejua kusoma, aliyeonewa na hati asizozielewa, pembe ile ilikuwa sura yenyewe ya dola. Mimi siwezi kucheka katika onyesho hilo, ingawa limeandikwa lichekeshe.

Pembe ya shule ilikuwa kibao. Kipande cha karatasi chenye alfabeti na sala ya Baba Yetu kiliwekwa juu ya ubao wenye mpini, kikafunikwa na utando mwembamba wa pembe unaopitisha mwanga, ili vidole vya watoto visikichafue. Katika Love's Labour's Lost kuna mwalimu mwenye majivuno anayefundisha kwa kibao hicho. Mtoto mmoja mtundu anamtega: herufi a na b ukizisoma kinyumenyume, na pembe kichwani, unapata nini? Mwalimu anatamka "ba", na papo hapo amekuwa kondoo mbele ya watu. Fanusi nazo zilikuwa na vioo vya pembe, hata Waingereza wakaanza kuliandika neno lao la fanusi kana kwamba lina "horn" ndani yake. Halina. Ni Kilatini tu. Watu wameona kitu, wakalilazimisha neno lifanane nacho.

Sasa turudi kwenye fedheha. Utani wa mume mwenye pembe haukuwa wa Shakespeare peke yake, ulikuwa mali ya mtaa. Kila tarehe 18 Oktoba, sikukuu ya Mtakatifu Luka, ambaye katika sanaa ya kanisa alama yake ni fahali mwenye mabawa, watu walimiminika Charlton, kusini-mashariki mwa London. Walivaa pembe, wakauza na kununua vitu vya pembe, wakanywa na kufanya vituko mpaka wenye mamlaka wakachoka. Gulio hilo lilipigwa marufuku mwaka 1872. Mwaka huohuo chama cha soka cha England kiliingiza mpira wa kona katika sheria zake. Pembe moja ikafukuzwa, nyingine ikahalalishwa!

Wenye majumba ya michezo nao hawakubaki nyuma. Mwaka 1675 William Wycherley alitoa The Country Wife, na mhusika wake mkuu anaitwa Horner, yaani mtia pembe. Anajizushia kwamba amehasiwa ili waume wa London wamwachie wake zao bila wasiwasi. Jina lake linautoboa mchezo wote tangu ukurasa wa kwanza. Msomaji asiyelijua neno hilo atangoja matendo matano aelewe kilichokwisha kusemwa mlangoni.

Na sisi je? Safari ya neno hili ilifika hadi kwetu, na hapa nawaomba walimu wanivumilie. Kiswahili kilikuwa na "pembe" yake tangu zamani, pana kuliko ya Waingereza: ya ng'ombe, ya ndovu, ya nyumba, ya umbo la hesabu. Lugha yetu ilivuka yenyewe kutoka kichwa cha mnyama hadi kona ya chumba, kama Kilatini kilivyovuka, bila kufundishwa na mtu. Halafu Kiingereza kikatuletea "honi" ya gari, ambayo ni "horn" yenyewe, na "kona" ya uwanjani, ambayo ni "cornu" iliyopitia Ufaransa. Kwa hiyo mtu anayesema dereva alipiga honi kwenye kona ametaja pembe mara mbili, na hakuna ng'ombe barabarani. Tusiwacheke Waingereza kwa kuita pembe kitu cha bati. Siwa ya Pate ni ya pembe za ndovu, lakini ya Lamu ni ya shaba tupu, na heshima yake haikupungua.

Lakini kuna mahali njia zetu zinaachana kabisa. Kwetu mtu akisemwa ameota mapembe, maana yake amekuwa jeuri, hashikiki. Sasa mfasiri wa Othello afanye nini? Akisema mume ameota pembe, watazamaji wa Manzese watamwona mtu mwenye kiburi, wakati kwenye matini ni mtu aliyedhalilishwa. Mwalimu Nyerere, katika Mabepari wa Venisi iliyotoka mwaka 1969, alikabili mtego mdogo wa aina hii katika tendo la mwisho, pale mtumishi anapoleta habari za tarishi mwenye pembe iliyojaa mema: pembe ya kupuliza na pembe ya neema kwa pamoja. Mtego wa Othello ni mgumu zaidi kwa sababu mchezo mzima unaning'inia hapo.

Wapo watakaosema tuweke maelezo chini ya ukurasa. Sikubaliani nao. Jukwaani hakuna chini ya ukurasa. Wengine watasema tutafute nahau ya Kiswahili ya mume anayezungukwa na mkewe. Hiyo itamfikia mtazamaji, sawa, lakini itamfikia na Desdemona pia. Akielewa, hawezi tena kutoa leso kwa moyo mweupe. Kauli ile lazima iwe na mlango mmoja wazi na mwingine uliofungwa. Mimi ningeliacha paji la uso liume kama lilivyo, ila mapema, katika kinywa cha Iago, ningepanda habari ya desturi ya nchi zile ya kuwavika pembe waume wa namna hiyo. Mtazamaji aingie katika onyesho lile akiwa anajua, Desdemona aingie akiwa hajui.

Bado ingebaki leso. Othello anaikataa kwa kusema ni ndogo mno, na wote wanaojua wanaelewa ni kitu gani haiwezi kukifunika. Inaanguka sakafuni, Emilia anaiokota, Iago anaichukua, na kuanzia hapo Desdemona amekwisha. Rafiki yangu wa Mombasa nilipomsomea tafsiri yangu alinikatiza papo hapo. Kwao leso ni kanga. "Leso gani hiyo isiyotosha kichwa?" akauliza. Nimeifuta, nimeandika kitambaa, na sijaridhika nacho.