Asili ya Mapigo Sitini

Kioo cha kompyuta hakionyeshi picha moja iliyosimama. Huchora picha, kisha huichora tena, na tena, mara nyingi katika kila sekunde. Na jicho, kwa kuwa halisahau upesi mwanga liliouona, huziunganisha picha hizo zikawa moja. Idadi ya michoro hiyo kwa sekunde tutaiita mapigo ya kioo. Kwa muda mrefu mapigo hayo katika michezo ya kompyuta yamekuwa 60, na wengi walionunua vioo viwezavyo kupiga 85, 100 au hata 144 wamestaajabu kuona kwamba mara wafunguapo mchezo, kioo hurudi palepale penye 60, kama ng'ombe arudiye zizini jioni. Ni nani aliyeifunga hesabu hiyo? Ukitaka kumjua, usianze kumtafuta katika michezo. Anza katika mitambo ya umeme ya karne ya 19.

Umeme wa majumbani hauendi upande mmoja kama maji ya mto. Huenda na kurudi. Katika miaka ya 1890 kampuni ya Westinghouse ya Marekani ilichagua umeme uendao na kurudi mara 60 kwa sekunde. Huko Ujerumani kampuni ya AEG ilichagua 50. Umeme ukienda polepole mno taa hupepesa na kuudhi macho, na ukienda upesi mno mota za wakati ule hazikuwa na raha nao; basi mafundi wakapatana mahali pa katikati, kila kundi lake. Hapakuwa na utukufu wowote katika 60 wala katika 50. Lakini mji ukisha kutandaza nyaya na kununua mashine, patano la mafundi hugeuka sheria. Uingereza ilishika 50, na hiyo ndiyo iliyofika Kenya. Japani ilipatwa na kioja zaidi: Tokyo ilinunua mashine za Ujerumani, Osaka ikanunua za Marekani, na mpaka leo nchi hiyo moja ina 50 upande wa mashariki na 60 upande wa magharibi.

Televisheni ilizaliwa katika nyumba ya umeme, ikashika desturi za nyumba hiyo. Wahandisi waliogopa kwamba mapigo ya picha yasipolingana na mapigo ya umeme, michirizi ya kivuli itatambaa juu ya kioo. Kwa hiyo BBC, ilipoanza kurusha picha kutoka Alexandra Palace, London, mwaka wa 1936, ilirusha nusu-picha 50 kwa sekunde, na Marekani katika kanuni zake za mwaka wa 1941 ikaweka 60. Televisheni ilipoanza Kenya mwaka wa 1962 ilifuata 50. Japani yote, hata Tokyo yenye umeme wa 50, ilifuata kanuni za Marekani.

Hapo ndipo michezo ilipoingia. Mashine za michezo za miaka ya 1980 ziliunganishwa na televisheni, na waandishi wa michezo, ambao wengi wao walikuwa Wajapani, waliona ni rahisi kuyafanya mapigo ya kioo kuwa saa yao: pigo moja, hatua moja. Njia hiyo ilifaa sana kwao. Ilipovuka bahari hadi Ulaya ikaleta dhuluma ya kimyakimya. Televisheni ya huko ilipiga mara 50, kwa hiyo mchezo ambao haukutengenezwa upya ulikwenda kwa upungufu wa sehemu moja katika sita. Sonic the Hedgehog, mchezo wa mwaka 1991 uliojitapa kwa mbio za nungunungu wake, ulifika Ulaya na nungunungu aliyepunguzwa mwendo na muziki uliozubaa. Watoto walilipa bei kamili, wala hawakujua kwamba wanauziwa mchezo uliochoka.

Katika kompyuta, kanuni ya picha ya IBM iitwayo VGA, ya mwaka 1987, ilitumia mapigo 60 kwa picha ya nukta 640 kwa 480. Vioo vya wakati ule vilikuwa chupa nzito, ambazo ndani yake mshale wa elektroni ulipiga unga unaong'aa na kufifia mara moja. Kwa mapigo 60 mwanga huo ulipepesa, hasa ukitazamwa kwa pembe ya jicho, na mtu aliyekaa mbele yake saa nyingi alipata kuumwa na kichwa. Kwa mapigo 85 watu wengi hawakuona kupepesa tena. Lakini mfumo wa Windows 2000, na ule wa XP uliotoka mwaka 2001, ulikuwa na tabia moja: mchezo ukitaka kutanda kioo chote bila kutaja mapigo, mfumo uliupa 60. Ilikuwa hadhari, maana chupa ikiamrishwa kupita uwezo wake huweza kupoteza picha au kuharibika, na 60 iliwezwa na kila kioo. Kwa maoni yangu hadhari hiyo ilikuwa imepitwa na wakati, kwa kuwa tangu mwaka 1994 palikuwa na kanuni ya kioo kuieleza kompyuta uwezo wake kwa njia ya waya. Wachezaji wenye ujuzi waliandika programu ndogo za kushurutisha mapigo yatakiwayo, na watengenezaji wa kadi za picha wakaongeza nafasi ya kufanya hivyo. Aliyeandika hesabu kubwa kupita kiasi aliona giza.

Vioo bapa vilipokuja havikupepesa hivyo, na shauri likasahauliwa hadi vioo bapa vya mapigo 120 vilipoanza kuuzwa kwa wachezaji mwaka 2009. Ndipo kufuli la pili lilipoonekana, lililomo ndani ya mchezo wenyewe. Dark Souls, ulipotolewa kwa kompyuta mwaka 2012, ulifungwa kwenye picha 30. Wachezaji waliufungua kwa programu iitwayo DSfix, ukaenda 60. Lakini mruko wa shujaa ukawa mfupi zaidi, na aliyeteleza kwenye ngazi aliweza kupenya sakafu na kufa. Hatua zilihesabiwa kwa picha badala ya saa. Dawa yake ni kupima muda uliopita kati ya picha na picha: mtu aendaye mita 3 kwa sekunde asogezwe sentimita 5 kwa picha ikiwa picha ni 60, na sentimita 2.5 zikiwa 120.

Mwaka 2013 kampuni ya Nvidia ilitangaza G-Sync, na mwaka 2014 kanuni ya Adaptive-Sync ikafuata. Kwa ufundi huo, kioo ndicho kinachongoja picha ya mchezo kabla ya kupiga, kinyume cha desturi ya tangu mwaka 1936. Hata hivyo, mnunuzi wa leo achomekaye kioo chake cha 144 huweza kukikuta kinapiga 60, mpaka aingie mwenyewe katika mipangilio ya Windows na kuibadilisha hesabu hiyo.