Pete Iliyo Karibu Nawe
Karate ya mtindo wa Goju-ryu inaanza na mtu ambaye hadi leo watafiti hawajakubaliana alikuwa nani. Waokinawa humwita Ryu Ryu Ko, na husemwa kuwa alifundisha mapigano ya mkono mtupu mjini Fuzhou, kusini mwa China. Higaonna Kanryo, mtu wa Naha aliyezaliwa mwaka 1853, alivuka bahari, akajifunza huko, akarudi Okinawa kufundisha. Kila mwalimu wa Goju-ryu, awe Naha au mtaani kwenu, ananing'inia kwenye mnyororo ambao pete yake ya kwanza imo gizani.

Niliingia katika historia hii kwa sababu ya kawaida kabisa. Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 11, alitaka kujifunza karate, na mama akanipa mimi kazi ya kumtafutia mwalimu. Wa kwanza alinionyesha picha tatu za fremu ukutani: Higaonna, mwanafunzi wake Miyagi Chojun, kisha yeye mwenyewe, amekunja mikono kifuani. "Mdogo wako ataingia kwenye ukoo huu," akaniambia. Nyumbani nikapiga hesabu. Miyagi alifariki mwaka 1953, na mwalimu yule hakuwa amefikisha miaka 50. Baina ya picha ya pili na ya tatu palikosekana mtu mmoja au wawili, na sikutajiwa hata jina.

Wanaojali silsila wana haki yao. Okinawa ya zamani mafunzo haya hayakuwa na vyuo wala mitihani. Kata, yaani mfululizo wa mapigo na kinga uliopangwa, ilipita kutoka mwili mmoja hadi mwingine, na ushahidi pekee wa kwamba unaijua ulikuwa mtu aliyekusahihisha. Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa sana: shehe naye huulizwa amesoma kwa nani, na huyo alisoma kwa nani, kabla watu hawajamkalia kitako.

Lakini tazama yaliyompata Miyagi. Alianza kwa Higaonna mwaka 1902, akiwa na miaka 14. Mwaka 1915 alikwenda Fuzhou mwenyewe kutafuta nyayo za mwalimu wa mwalimu wake, akakuta ameshafariki. Mtindo wake haukuwa hata na jina, mpaka mwaka 1930 mwanafunzi wake Shinzato Jin'an alipoulizwa jijini Tokyo anafuata mtindo gani. Ndipo Miyagi akachukua maneno mawili, ngumu na laini, kutoka Bubishi, maandishi ya Kichina yaliyokuwa yakinakiliwa kwa mkono, na Goju ikapata jina. Shinzato, ambaye wengi walimwona kama mrithi, aliuawa katika vita vya mwaka 1945. Miyagi alifariki miaka minane baadaye bila kumtangaza mwingine.

Tena inasimuliwa kuwa hakumpa mwanafunzi wake yeyote daraja la mkanda mweusi. Si kwamba utaratibu huo haukuwapo: judo iliutumia tangu mwaka 1883, na Funakoshi Gichin aliuingiza kwenye karate mwaka 1924. Basi zile hati zenye mihuri myekundu, zinazofuatilia ukoo hadi kwa Miyagi, zinapanda hadi kwa mtu ambaye hakutoa hati.

Baada ya mazishi, wanafunzi wakagawanyika. Miyazato Eiichi, aliyekuwa polisi, alifungua Jundokan, na vifaa vya mazoezi vya marehemu vikawa kwake. Mwaka 1963 familia ilimkabidhi Yagi Meitoku wa Meibukan vazi na mkanda wa mwalimu. Toguchi Seikichi alikuwa na Shoreikan yake. Mmoja ana vyombo, mwingine ana mkanda, nani mrithi? Mimi naona swali hilo ni la mirathi, wala halinisaidii kujua nani ataona goti la mtoto limeinama vibaya.

Kwa hiyo sijali sana pete za juu. Zinamfaa mtu anayetaka kujua kwa nini kata moja inachezwa hivi Jundokan na vile Meibukan. Ninachokitaka ni pete moja au mbili za chini, kwa watu walio hai: nani alimfundisha huyu, kwa miaka mingapi, waliachana vipi, na akimuumiza mtoto nimpigie simu nani. Mwalimu ambaye juu yake kuna marehemu watupu hana wa kumkemea.

Mwalimu wa pili hakuwa na picha ukutani. Nilipomuuliza alisoma kwa nani, alitaja jina la mzee mmoja, akaeleza kuwa walikaa pamoja miaka 14 na kwamba waligombana mara moja juu ya ada. Kisha akanisomea namba ya simu. Nikampigia mzee jioni ileile, nikamwamkia, nikaeleza shida yangu. Kabla hajasema lolote juu ya mwanafunzi wake, aliuliza kama mtoto ana pumu.

Anayo. "Basi mwambie asimsukume kwenye Sanchin," akasema, "pumzi ya kata ile ni nzito. Au ngoja, nitamwambia mwenyewe."