Maramba, setilaiti za vita na swali la swichi

Majuzi nilikuwa Maramba. Kwa asiyepajua: ukitoka Tanga mjini unashika njia ya Horohoro, halafu unakata kushoto kuelekea milima ya Usambara. Ni nchi ya mkonge, mahindi na kambi ya JKT, kwa hiyo habari za jeshi pale si mambo ya kwenye sinema tu. Kijana mmoja anayefunga madishi ya televisheni alikuwa juu ya bati akitafuta mawimbi. Akaniuliza kutoka huko huko juu: "Kaka mwandishi, hizi setilaiti za vita tunazozisikia kwenye taarifa ya habari, kuna watu wanavuna hela. Sisi tunaingilia wapi?"

Nilicheka. Kisha nikaona aibu, maana sikuwa na jibu. Nimekwenda kusoma, na kumbe ndugu zangu, hadithi yenyewe inaweza kuanzia hapo hapo Tanga.

Tarehe 2 Novemba 1914 manowari ya Uingereza, HMS Fox, ilitia nanga Tanga. Nyuma yake kulikuwa na meli zenye askari wapatao 8,000, wengi kutoka India. Nahodha Caulfeild akamtaka mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Auracher, ausalimishe mji. Auracher akaaga kwamba anakwenda kushauriana na wakubwa. Badala ya bendera nyeupe, zikaenda habari kwa Lettow-Vorbeck, naye akawaleta askari kwa treni kutoka Moshi. Jeshi dogo, ambalo wengi wake walikuwa Waafrika, likawashinda waliokuja kwa maelfu. Wengi tunaikumbuka vita ile kwa sababu ya nyuki. Mimi nimevutiwa na vitu vilivyoachwa ufukweni: bunduki, bombomu, risasi 600,000 na simu za vitani. Zile simu Lettow-Vorbeck alizihesabu kama mali. Alijua kwamba jeshi lisilo na mawasiliano ni kundi la watu waliopotea.

Sasa turuke miaka 55. Mwezi Novemba 1969, miezi michache tu baada ya binadamu kukanyaga mwezi, Uingereza ilipata setilaiti yake ya kwanza ya mawasiliano ya kijeshi, Skynet-1A. Unajua iliwekwa wapi? Juu ya pwani yetu, Afrika Mashariki, kama kilomita 36,000 angani, ili iunganishe majeshi ya Uingereza yaliyokuwa mbali na kwao. Sisi tulikuwa chini yake, tukilima mkonge, wala hatukuwa na habari.

Lakini hata Waingereza hawakuwa na kila kitu mkononi. Iliundwa Marekani na kampuni ya Philco Ford, ikarushwa kwa roketi ya Kimarekani. Haikudumu miaka miwili ikafa. Na hapa kuna kioja: leo mzoga wake uko upande wa pili wa dunia, juu ya bara la Amerika, mahali ambapo haukutakiwa kufika kwa kuelea wenyewe. Yaelekea kuna mtu aliyeiamuru ihame katika miaka ya 1970. Ni nani? Mpaka sasa hajajulikana.

Tuje kwenye biashara. Mwaka 1999 kampuni ya Iridium, yenye setilaiti 66 zilizogharimu takriban dola bilioni 5, ilifilisika kwa kukosa wateja wa simu zake ghali. Wawekezaji wakainunua kwa dola milioni 25 tu. Aliyeiokoa ni Pentagon, iliyosaini mkataba wa dola milioni 72 kwa miaka miwili mwezi Desemba 2000. Mwaka 2003 Uingereza nayo ikabadili utaratibu: setilaiti za Skynet 5 zikawa mali ya kampuni binafsi, jeshi likalipia huduma, na nafasi iliyobaki ikauzwa kwa majeshi rafiki. Kwa lugha ya Maramba, jeshi likawa mpangaji.

Upangaji una raha yake na karaha yake. Tarehe 24 Februari 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, wadukuzi waliangusha mtandao wa setilaiti wa KA-SAT. Siku chache baadaye vyombo vya Starlink vikaanza kuwasili, na jeshi la Ukraine likapata pa kushika. Lakini mwaka 2023 Elon Musk mwenyewe alieleza kwamba alikataa ombi la kuwasha huduma hiyo hadi Sevastopol. Jenerali ana ramani, ana askari, swichi anayo mfanyabiashara! Hofu hiyo ndiyo inayofungua mikoba sasa. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ulisaini mkataba wa IRIS², setilaiti zipatazo 290 kwa euro bilioni 10.6, ili usiombe ruhusa kwa mtu.

Je, sisi tunaingilia wapi? Tuwe wakweli, hatutaunda setilaiti ya jeshi kesho. Ila tutazame jirani. Waitaliano walikuja Malindi miaka ya 1960, na tarehe 12 Desemba 1970 wakarusha kutoka pale setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru. Urushaji ulikoma, lakini kituo cha kufuatilia setilaiti kikabaki na kazi. Angani kunahitaji ardhini. Kila setilaiti inahitaji antena, umeme usiokatika, programu za kuficha siri na fundi wa kupanda juu ya bati. Huko ndiko pa kuanzia, na mafunzo yake hayahitaji roketi.

Nilimpigia yule kijana nikamweleza yote haya. Akanyamaza kidogo, akasema: "Kwa hiyo kaka, mimi nimeshaanza, ila hakuna aliyeniambia."

Hilo ndilo linaloniuma. Mwaka 1914 simu ziliachwa ufukweni, akaziokota aliyejua thamani yake. Mwaka 1969 setilaiti iliwekwa juu ya vichwa vyetu bila sisi kujua. Safari hii, vijana wetu wanaojua kuelekeza dishi tutawaacha wabaki mafundi wa kutafutia watu mechi za Ligi Kuu?

Naomba kuwasilisha. Ninyi mnaonaje?